Bei ya Kibao

Zilitoka sanduku moja la mbao, Kasulu, dukani kwa Ruhuza,
zimelala kichwa kwa mkia kama mapacha tumboni.
Tulizifunga matairi wenyewe, mimi na shemeji Barampama,
tukapangusa grisi kwenye shingo ya injini
tusome: yangu inaishia mia nne kumi na saba,
yake mia nne kumi na nane.
Fundi akacheka. Yako ndiyo Kulwa, akaniambia.

Kulwa akabaki Manyovu.
Doto akasukumwa kwa miguu, tangi tupu,
akavuka kizuizi kwenda kutafutiwa jina Makamba.

Ng'ambo walimwandika kwa faranga, mchana mmoja,
kwenye daftari lililoliwa pembe na mende.
Mimi nilipewa namba ya malipo ndefu kama treni ya mizigo
na ushauri wa kurudi Alhamisi.
Alhamisi mtandao ulikuwa chini.
Ijumaa ulikuwa juu, na bei nayo ikawa juu.

Tukapiga hesabu juu ya gunia la tangawizi.
Faranga tukazigeuza shilingi, shilingi tukazigeuza mbuzi,
maana mbuzi ni mbuzi pande zote mbili za mpaka.
Usajili wangu: mbuzi watatu na debe la maharage.
Wake: mbuzi mmoja, na paja la wa pili.
Na bima? nikauliza, nikitafuta pa kujifariji.
Bima yake ikala paja jingine, ikala na kichwa.
Bado nilikuwa nyuma.

Kibao ni kibao, shemeji,
akasema Barampama akifunga kamba ya gunia,
ila wewe chako umepigwa shavuni.

Nikaenda dirishani kwa binti wa mapato.
Chuma kile kile, nikamwambia, moshi ule ule,
tunakula vumbi la vilima vile vile.
Kwa nini jina la huyu liwe zito kuliko la pacha wake?
Hakunikasirikia. Alikuwa na mafua.
Baba, mimi napokea. Sipangi.
Akagonga muhuri, akapenga kamasi, akaita mwingine.

Walikuwepo walioninong'oneza:
ivushe usiku, pita migombani,
iandikwe kwa jina la shemeji yako, nani atajua?
Wiki nzima nilikaa na wazo hilo, siongopi.
Nililitazama kama mtu anavyotazama kiatu cha marehemu
akaona kinamtosha.
Kisha nikauza mbuzi.

Masika yalipokolea, saa tano usiku, simu.
Melania, dada yangu, mke wa Barampama:
uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya,
na barabara ya hospitali yao imeliwa na mto.
Namleta kwenu, akasema Barampama, na simu ikakata.

Kibao cha ng'ambo hakivuki bila karatasi,
na mwenye karatasi alikuwa amelala.
Tukakutana kwenye boriti la kizuizi,
taa yake ikitazama huku, yangu ikitazama kule,
mvua katikati ikionekana nyuzi nyuzi.
Askari akalitazama tumbo. Akatazama saa yake.
Mtu avuke, akasema. Pikipiki ibaki.

Tukampitisha chini ya boriti, ameinama,
mkono mmoja kwa mumewe, mmoja kwangu,
kutoka kiti cha Doto hadi kiti cha Kulwa.
Hatua sita, labda saba; aliteleza, sikumbuki.
Nyuma yangu Doto aliendelea kunguruma pale pale,
na mngurumo wake ulikuwa wangu.
Hata katika kona ya kwanza sikujua ni upi nausikia.

Mtoto ni wa kike. Ana sauti.

Wiki ya pili Barampama akapiga tena,
akaulizia mvua, akaulizia tangawizi, akazunguka weee,
halafu akashusha sauti:
Shemeji, cheti cha kuzaliwa,
huko kwenu ni mbuzi wangapi?